Matundu Manne ya Mtutu wa Baba

Tanga, Jumapili usiku

Mikono inanuka mafuta ya bunduki, na mama ameshanisema mara mbili kwa kushika mlango wa friji kabla sijanawa. Naandika upesi kabla usingizi haujanichukua, maana shughuli hii imenila miezi minane, na nusu ya miezi hiyo ililiwa na ujuaji wangu.

Baba aliacha bunduki moja. Si ya kuwindia. Ni nzito, ina mtutu mrefu mnene, inatumia risasi ndogo za .22, na inapakiwa risasi moja moja. Aliuziwa kwa bei ya kutupa na meneja wa shamba la mkonge alikokuwa karani, njia ya Muheza, mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 na yule mzungu akafunga mizigo. Baba alipofariki, bunduki ikaenda kulala polisi, nami nikaanza safari ya fomu, picha za pasipoti na njoo kesho. Nilikabidhiwa kwa kibali changu mwenyewe mwezi wa pili mwaka huu.

Waliopata kuiona walisema neno moja tu: "Hii ya Mjerumani." Hapa kwetu kila chuma kilichochakaa ni cha Mjerumani. Reli ya Mjerumani, nyumba ya Mjerumani, hata sufuria iliyotoboka. Vita vya Novemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipopigana hapa Tanga, bado viko midomoni mwa watu kana kwamba Waingereza waliteremka pale Raskazone juzi. Lakini askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walibeba Mauser ya muundo wa 1871, lidude la risasi nene na baruti nyeusi, ukipiga moja unajifunika moshi. Hiki changu ni kitu kingine kabisa. Ila kitu gani, nami sikujua. Baba aliiita "bunduki ya shabaha", basi.

Aliyenifungulia njia ni fundi baiskeli wa Ngamiani. Sikumpelekea bunduki, silaha haitembezwi mjini kama mkungu wa ndizi. Nilikuwa nasubiri anizibie pancha, nikawa natazama picha kwenye simu: ubavuni mwa chuma kuna alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana kama fito za kibanda. Fundi akachungulia juu ya bega langu.

"Kaka, BSA hiyo."

"Unazijua bunduki?"

"Bunduki nizijulie wapi? Naijua baiskeli." Akanionyesha fremu kuukuu iliyoning'inia ukutani, shingoni ina nembo ile ile, bunduki tatu. Akasema babu yake alikuwa nayo na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye.

Miaka yote nimeona BSA za wazee zikipita na mizigo ya mihogo, sikuwahi kujiuliza kwa nini baiskeli ibebe picha ya bunduki. Kumbe jina lenyewe ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 kutengeneza silaha, na baiskeli zikafuata baadaye. Mwaka 1957 waliuza biashara ya baiskeli kwa Raleigh. Kwa hiyo wale mahasimu wawili wa utoto wetu, BSA na Raleigh, waliishia mikononi mwa baba mmoja.

Baada ya hapo alama zikaanza kusomeka. Ukiushusha wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, kipande cha chuma ndani kinainama upande wa mbele na tundu la kupakia linafunguka juu. Huo ni mtambo wa Martini, wa Friedrich von Martini wa Uswisi, aliyeendeleza wazo la Mmarekani Henry Peabody. Waingereza waliupa jeshi lao mwaka 1871, na BSA wakaja kuutumia kwenye bunduki ndogo za kulengea shabaha. Kwenye mtutu kuna mataji madogo matatu, chini yake herufi BV, BP na NP. Hizo ni chapa za nyumba ya majaribio ya Birmingham: mtutu ulikaguliwa, ukapigwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, haukupasuka. Herufi hizo zilianza 1904 na zikatumika mpaka katikati ya miaka ya 1950, BNP ilipozirithi. Basi mtutu huu ulikaguliwa Birmingham ndani ya miaka hiyo hamsini, na Mjerumani hayumo.

Kitako ndicho kilichonisumbua. Si cha kiwandani. Ni mti wa jozi, umechongwa kwa mkono, hauna chapa wala namba, na pale pa kuegemeza shavu pameinuliwa juu kupita kiasi. Nikiegemeza shavu, jicho langu lilikuwa juu mno, vile vilengeo vya chuma siwezi kuviona bila kukunja shingo kama bata anayekunywa maji. Nikajisemea huyo mchongaji alikosea. Ndiyo, nilisema hivyo, na sikuwa na haya.

Nikanunua darubini mpya ya kisasa, na pakiti ya skrubu, nikapanga kutafuta mtu wa kunitobolea matundu juu ya mtutu. Kabla ya hapo nikataka kung'oa vijiskrubu vinne visivyo na vichwa vilivyozama juu ya mtutu, viwili karibu na nyuma, viwili mbele kidogo. Niliviona kama urembo. Bisibisi yangu ilikuwa nene kuliko mfereji wa skrubu, ikateleza, ikachora mstari wa urefu wa kidole juu ya ile rangi nyeusi ya buluu ambayo baba aliipaka mafuta kila Ijumaa kwa miaka zaidi ya arobaini. Nilikaa chini. Kwa dakika kadhaa nilitafuta wa kumlaumu na chumbani nilikuwa peke yangu.

Mkwaruzo huo ndio ulionipeleka kwa mzee mmoja wa Pongwe, mstaafu wa ghala la silaha, mwenye leseni ya ufundi. Alikuja nyumbani mwenyewe. Nikamwamkia, akaitika, akanywa chai ya mama yote na maandazi matatu, ndipo akaomba kuiona. Hakutazama mtambo wala chapa nilizojivunia kuzisoma. Alipitisha kidole juu ya mtutu, akafika kwenye mkwaruzo, akanitazama, akaendelea.

"Mwanangu, unataka kutoboa?"

"Ndiyo, mzee. Niweke darubini."

"Na haya manne aliyekutangulia aliyatoboa ya nini?"

Akavitoa vijiskrubu kwa bisibisi aliyoinoa pale pale kwenye jiwe mpaka ikaenea mfereji sawasawa. Akatoa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, akapima kutoka katikati ya matundu ya nyuma hadi katikati ya yale ya mbele. Milimita 182.9. Akageuza upande wa inchi: 7.2. Akacheka, akaiweka kalipa mezani bila kuifunga ili nijionee.

Hesabu yake alinieleza kwa kalamu nyuma ya bahasha ya Luku. Darubini za shabaha za zamani hazikuwa na marekebisho ndani. Bomba lenyewe zima ndilo linalosogezwa, kwa magurudumu madogo yaliyo kwenye kishikio cha nyuma. Yadi 100 ni inchi 3,600. Gawa kwa 7.2, unapata 500 kamili. Maana yake, ukisogeza nyuma ya bomba sehemu moja ya elfu ya inchi, risasi inahama nusu inchi kwenye yadi 100. Gurudumu limekatwa ili kila mlio mmoja, tik, uwe nusu ya hiyo elfu moja, basi risasi inahama robo inchi. Ukitoboa inchi 6 au 8, darubini itakaa vizuri tu, lakini kila tik itakudanganya. Ndiyo maana mafundi wa wakati ule waliishika 7.2 kama kibla.

Na kitako kilichoinuliwa? Kimechongwa kwa jicho linalotazama juu ya mtutu, ndani ya bomba. Mchongaji hakukosea. Nilimwomba radhi kimoyomoyo, popote alipozikwa.

"Basi darubini yake ilikuwepo," mzee akasema. "Iko wapi?"

Nikasema haikuwepo. Mama, aliyekuwa anaondoa vikombe, akasimama na trei mkononi.

"Ile mliyokuwa mnaangalizia meli je?"

Tulipokuwa wadogo baba alikuwa na bomba jeusi, jembamba, refu kama mkono wa mtu mzima. Jioni za Jumamosi alitupeleka Raskazone, tukaoga, kisha tukapokezana bomba kutazama majahazi na kile kisiwa cha Toten. Ndani yake kulikuwa na alama ya kujumlisha. Dada yangu alidhani ni unywele ulioingia, akawa analifuta lenzi kwa gauni. Mimi nilidhani kila darubini duniani ina kujumlisha, na nilibishana na mwalimu darasa la tano kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimeshalisahau kabisa. Lilikuwa juu ya kabati la mama, limevingirishwa kwenye kanga kuukuu.

Bomba la chuma, unene robo tatu ya inchi, na ukilifuta linasomeka: J. Unertl. John Unertl alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani, akatengeneza darubini zake Pittsburgh. (Niliwapigia jirani simu kuwapa angalau hicho cha Mjerumani. Walifurahi kuliko nilivyotarajia.) Lenzi ya mbele imeota ukungu pembeni, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na vioo. Katikati ni safi, mzee akakataza kufungua.

Vishikio viwili vilikuwa kwenye droo ya cherehani ya Singer, pamoja na vifungo na kipimajoto kilichovunjika. Vile vipande viwili vya chuma vinavyofungwa moja kwa moja kwenye mtutu havikuwemo. Mzee aliviagiza nje kwa leseni yake, tukasubiri miezi mitatu. Havifanani urefu, cha mbele kirefu kidogo, kwa sababu mtutu unakonda unapokwenda mbele na bomba lazima likae sambamba na tundu lake.

Ile pakiti yangu ya skrubu aliichukua, akajaribu moja ya milimita 3.5 kwa vidole tu. Iliingia mizunguko miwili ikagoma. "Hapa ndipo kijana mwenye nguvu anapoharibu," akasema, bila kunitazama. Unene ni karibu sawa, lakini matundu yale yana nyuzi 48 kwa inchi, kipimo cha Kimarekani, na ya dukani ina 42 na ushei. Kumbe hata nyuzi zilisema darubini ilitoka wapi. Skrubu halisi ziliingia kwa vidole mpaka mwisho. Alisafisha mafuta kwanza kwa spiriti, akakaza kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, halafu akasukuma bomba mbele kiasi cha vidole vyangu kupata nafasi ya kupakia risasi chini ya kioo cha jicho.

Leo asubuhi tulikwenda kulenga, eneo tuliloruhusiwa, lenye kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Kwa kawaida fundi huchungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma ili ailinganishe na darubini kabla ya kupiga, lakini kwenye Martini chuma cha nyuma kinaziba. Mzee aliagiza kioo. Nilikuwa nimebeba kile kidogo cha kujitazamia cha mama. Akakiinamisha pale pa kupakilia, na ndani yake nikaona mwanga wa mtutu na karatasi ya shabaha katikati, duara ndani ya duara. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kwenye kioo cha mama.

Risasi tatu za kwanza, mita 50, zilikaa pamoja sentimita saba kushoto. Kwa umbali huo tik moja ni kama milimita tatu na nusu. Nyuma ya bomba huhamishwa upande unaotaka risasi iende, nami nikataka kubishana, nikakumbuka bata, nikanyamaza. Tik 20 kulia. Nikatazama ndani: ile kujumlisha ya Raskazone, juu ya karatasi badala ya jahazi. Nilikawia kidogo kabla ya kufyatua. Mzee hakunihimiza.

Nne kati ya tano ungezifunika kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Ya tano ilikwenda juu peke yake.

"Hiyo ya tano," mzee akasema, akikunja kiti chake, "usiisingizie bunduki."

Bunduki iko kabatini, imefungwa. Darubini ya kisasa bado iko kwenye boksi lake, nitaiuza. Mkwaruzo nimeupaka mafuta, unaonekana vile vile. Na sasa hivi mama amegonga mlango kuuliza kioo chake kiko wapi, nami nimekumbuka nilikiacha juu ya lile tofali, kule kwenye shabaha.