Kazi ya kupunguza kwenye mitufaha

Watu huniuliza nawekea nini miti yangu hadi matufaha yakawa mekundu na matamu. Nikiwajibu kwamba kazi yangu kubwa ni kupunguza, wanadhani naficha siri.

Chukua matunda yenyewe. Mtufaha huchanua kwa vishada vya maua matano au sita, na nyuki wakifanya kazi yao kishada kimoja hubeba vijitunda vitatu au vinne. Nabakiza kimoja, aghalabu cha katikati, maana ua lake hutangulia kufunguka na tunda lake huwa kubwa. Kati ya tunda na tunda naacha sentimita 15 hadi 20. Chini ya mti panajaa vijitunda vya ukubwa wa gololi, na mpita njia hunisikitikia. Lakini tunda moja linahitaji majani 30 hadi 40 ya kulitengenezea sukari. Tena mbegu zilizomo ndani ya vijitunda hutoa homoni ya jiberelini, inayozuia vichipukizi vya maua ya mwaka ujao. Mti uliolemewa msimu huu unaweza kukaa bure msimu ujao, kwa hiyo kazi hii haisubiri matunda yanenepe.

Matawi nayo nayapogoa bila huruma. Tunda la ndani ya kichaka hubaki dogo na halina ladha. Wekundu hutengenezwa na ganda likipigwa na mwanga: jani likilala juu ya tunda linaloiva, huacha alama iliyopauka. Ndiyo maana napenda miti iliyobebeshwa kwenye M9, shina la chini lenye mizizi linaloufanya mti ubaki mfupi, lililochaguliwa na kituo cha utafiti cha East Malling, Uingereza. Mwanga hupenya mpaka ndani, ingawa mizizi yake ni dhaifu na mti hutaka nguzo maisha yake yote.

Kwenye mbolea ndiko ninakobishana na wenzangu. Naitrojeni ikizidi, majani hustawi kweli, ila tunda huwa laini, rangi hukawia na ghalani halidumu. Tena tunda linahitaji kalisi (kalsiamu), madini yanayosafiri na maji, na majani huyavuta maji hayo kuliko tunda. Machipukizi yakikua kwa pupa, tunda hupunjwa. Menya tufaha la namna hiyo baada ya kukaa ghalani: utakuta vidoa vya kahawia, vikavu kama kizibo, vichungu. Vidoa hivyo hivyo huutokea mti uliopunguzwa matunda kupita kiasi, kwa kuwa tunda likiwa kubwa mno kalisi yake haitoshi. Hapo inabidi nipulize kalisi kwenye matunda yenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Kuhusu kilimo hai, jina hilo peke yake haliniambii kitu juu ya ladha. Samadi ikizidi hulegeza tunda sawasawa na mbolea ya dukani. Anayetaka nimwamini na anionyeshe alivyopogoa.