Betri Mbovu Haipandi Ndege

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa Moshi, na swali ambalo vijana wa kazi hii huniuliza wakiniona na mashine ya betri ni moja tu: zinadumu? Mashine inadumu. Betri ndiyo yenye maneno, na kabla hujatoa hela yako ni vizuri uyasikie.

Mashine yangu ya kupogolea ua ililetwa na shemeji yangu anayeishi Hamburg. Ni ya volti 18, ikaja na betri mbili za ampea-saa 4. Mota yake haina kaboni, vile vipande vinavyosagika mota ikizunguka, kwa hiyo hakuna cha kusagika upesi humo ndani, na mlio wake ni uleule wa siku ya kwanza. Utomvu naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, meno nayapitisha tupa, napaka oili nyepesi, basi. Imekata michongoma ambayo miiba yake inatoboa buti, na bugenvilia zilizoachwa mpaka zikapanda bati. Upande wa chuma sina lalamiko.

Betri moja ikagoma. Ukiichomeka kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa na chaji haiingii. Ndani ya pakiti kama ile kuna seli 5 zilizofuatana, kila moja volti 3.6, na saketi ndogo ya kuzilinda. Seli moja ikishuka kuliko wenzake, saketi inafunga pakiti yote. Nne zinaweza kuwa nzima kabisa, hazikusaidii kitu.

Waranti ilikuwa hai bado. Ni ya miaka 3, na shemeji alishaisajili kwenye tovuti yao akiwa kule kule. Tukaandika, nao wakajibu kwa adabu: irudisheni kwa muuzaji, katika nchi iliponunuliwa. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Betri nzima ya wati-saa 72 (volti 18 mara ampea-saa 4) abiria anaruhusiwa kupanda nayo ndege kwenye mzigo wa mkononi, kwa kuwa iko chini ya wati-saa 100, na ndivyo zilivyokuja. Betri ya lithiamu yenye hitilafu hairuhusiwi, kwa sababu inaweza kuwaka moto angani. Ofisi ya vifurushi walinikatalia mara nilipotamka neno "mbovu", na walikuwa sahihi. Kwa hiyo waranti iko Ujerumani, betri iko Moshi, na haziwezi kukutana.

Fundi mmoja alijitolea kuifungua aweke seli za kompyuta ya mapakato. Nilikataa. Seli zile zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, na mota inayotafuna michongoma inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Zinapata joto kali, na joto kwenye lithiamu ni hatari. Isitoshe, pakiti ikishafunguliwa hakuna waranti ya nchi yoyote itakayoitazama.

Sasa nilinganishe na bomba langu la kupulizia, lile la mgongoni. Nililinunua sokoni, na waranti yake ilikuwa mdomo wa muuzaji: "Likisumbua, lirudishe." Ndani lina betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 8. Ilipochoka nilivuka barabara, nikapata nyingine ya saizi hiyohiyo kwenye duka la vifaa vya sola, nikaifunga mwenyewe siku ileile. Swichi, mpira wa pampu, mkuki, chaja, vyote vinauzwa mtaa mmoja. Linavuja kidogo kwenye mfuniko, ila kazi halijawahi kuikataa. Kwangu mimi huko ndiko kudumu: kifaa ambacho sehemu yake inayokufa ninaipata kabla mteja hajapiga simu.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni kiangazi. Nyasi zikilala, mashine zinawekwa stoo na betri zinasahaulika humo. Aina hizi mbili zinataka matunzo tofauti kabisa. Ya risasi ihifadhi ikiwa imejaa, na uichaji tena kila baada ya muda, kwani ikikaa tupu inaharibika. Ya lithiamu iache kwenye nusu hivi, mahali pa baridi. Ikikaa imejaa kwenye joto inachakaa upesi, na ikiachwa tupu kwa miezi, chaja inaweza isiitambue tena. Na ukitoka kukata ua juani, acha betri ipoe kwanza ndipo uichaji. Stoo ya bati saa nane mchana si mahali pa kuchajia.

Betri mpya nimenunua Arusha, pamoja na mashine ya aina nyingine inayouzwa na kuhudumiwa hapahapa nchini. Kabla ya kulipa niliuliza kama betri inauzwa peke yake na kwa bei gani, kama waranti yake ni sawa na ya mashine (haikuwa, ni fupi zaidi), na nani ataipokea ikigoma. Muuzaji akaniita nyuma ya kaunta akanionyesha betri za akiba kwenye rafu. Nikamwomba aandike namba ya betri kwenye risiti ya EFD, maana betri ina namba yake mbali na ya mashine. Risiti niliipiga picha palepale dukani, kwa kuwa karatasi ile wino wake hufifia, na waranti inaweza kukukuta na kikaratasi cheupe.