Mbona Hamkuniamsha?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya shukrani. Nimeshindwa. Tangu Jumanne usiku moyo wangu haujatulia, na naona heri niwashirikishe kilichonikaa kooni kuliko kuwapa maneno mazuri nisiyoyaishi.

Mjukuu wangu wa miaka saba, ninayekaa naye hapa Mtwara, alikanyaga msumari Jumamosi akicheza kwenye nyumba ya jirani inayoendelea kujengwa. Sikujua. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake, akaimba na watoto wenzake. Jumatatu akaenda shule. Jumanne wakati wa kulala nikamwona kapanda kitandani na soksi moja, ile nyeupe ya shule, mguu wa kushoto. Kwa joto letu hili, soksi ya nini usiku? Nikamwambia avue, hakuvua. Nikamvua mwenyewe. Ilikuwa imegandia unyayoni, na harufu ikanifikia kabla sijakiona kidonda. Ngozi kuzunguka lile tundu ilikuwa imevimba mpaka inang'aa.

Zahanati walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa dawa. Muuguzi akamuuliza kwa upole kwa nini hakumwambia bibi. Akajibu mbele yangu, bila kunitazama: "Bibi angefoka."

Siku tatu, wapendwa. Mtoto ameupima msumari, akanipima na mimi, akaona afadhali msumari.

Usiku ule sikulala, na aliyenijia kichwani ni Mjomba.

Mimi ni Mmwera. Kwetu, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakua na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba. Huyu wetu alikuwa kaka mkubwa wa mama, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya Lindi, karibu na bahari. Tulijua amefika kwa kikohozi chake. Akikohoa mara moja tu pale kwenye mwembe, watoto kumi na mmoja tulipotea kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Dada yake, Bibi Mkubwa, yeye hakupiga. Alifinya, na alikufinya huku akiendelea kuzungumza na mgeni kana kwamba mkono ule si wake. Lakini hata Bibi Mkubwa hakuthubutu kuvunja sheria moja ya nyumba ile: Mjomba akilala baada ya chakula cha mchana, haamshwi. Alilala barazani kwenye kitanda cha kamba, kofia usoni, fimbo ya mkwaju imeegemea ukutani. Hata kuku walifukuzwa wasije wakalia karibu.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1982, nina miaka tisa. Wa pwani mnajua Aprili ni maleleji, kaskazi imechoka na kusi haijashika. Alfajiri ile Mjomba alishuka ufukweni, akakaa sana, akarudi na neno moja: "Upepo wa leo hauna mwenyewe." Akaanza kufunga paa la makuti kwa kamba za makumbi. Kuni zikaingizwa ndani. Chini kule wavuvi walikuwa wakikokota mitumbwi mpaka kwenye minazi.

Kisha tukangoja. Kungoja kule nakukumbuka kuliko upepo wenyewe. Bahari ililala kama mafuta. Fukuto lilitubana vifuani, kunguru hawakulia, na upande wa kusini mashariki wingu lilikuwa limesimama, rangi ya wino wetu wa shule. Mama zetu walikuwa bado mashambani kwenye mpunga. Bibi Mkubwa alikuwa kwa jirani. Mjomba akala, akalala.

Upepo ulifika alasiri. Kwanza ulichukua ungo uliokuwa uani, ukauzungusha, ukaupeleka. Kisha banda la jiko likaanza kunyanyuka upande mmoja na kushuka, kunyanyuka na kushuka. Sisi tumesimama mlangoni tunasukumana. Nenda wewe. Wewe ndiye mkubwa. Mimi jana nimechapwa. Mvua ya mbali ilikuwa inavuma, na yeye aliyejua la kufanya alikuwa hatua sita kutoka tuliposimama, kofia usoni. Hakuna aliyekwenda.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaona heri akalishike lile banda mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Liliporomoka, na boriti ikamwangukia mkono. Mkono ule haukunyooka tena mpaka leo.

Mjomba aliamshwa na kishindo. Alimtoa kaka chini ya makuti, akatuingiza sote ndani, akamfunga mkono kwa vipande vya mwanzi. Ndipo akauliza: "Mbona hamkuniamsha?" Kimya. Akauliza tena, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na sauti ile ndogo kutoka kinywani mwake ilinitisha kuliko upepo. Akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyejibu. Fimbo ilikuwa pale pale ukutani, na hakuigusa.

Magharibi upepo ukakoma ghafla. Tukashangilia, tukataka kutoka. Mjomba akaweka kigoda mlangoni, akakaa juu yake, akampakata kaka. "Haijaisha," akasema. "Itarudi kwa upande wa pili." Na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alituambia. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipopiga Lindi, yeye alikuwa kijana, kibarua mjini. Upepo ulivuma, kisha ukanyamaza kabisa, mbingu ikawa nyeupe. Watu wakatoka kutafuta mabati yao. Mdogo wake naye akatoka. Halafu upepo ukarudi kutoka kule ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Hakumaliza hadithi. Alikaa kwenye kigoda kile mpaka jogoo akawika, nasi tukingoja nusu ya pili ambayo, kwa neema ya Mungu, haikuja.

Baadaye nilijifunza kwamba ndivyo kimbunga kilivyo: katikati yake kuna jicho, na jicho likipita juu yako kunakuwa na utulivu, kisha ukuta wa upande wa pili unakuja na upepo uliogeuka. Vingi vya bahari yetu huishia Madagaska na Msumbiji, ndiyo maana sisi huku tunasahau. Mjomba hakusahau. Naelewa sasa kwamba ukali wake wote ulikuwa hofu ya mtu aliyempoteza mdogo wake. Alitaka tusikie, tukae ndani, tusipotee. Lakini sisi tulisikia kikohozi na fimbo tu, na siku ya upepo yenyewe ukali ule ndio uliotuzuia kumkimbilia.

Sasa fungueni Marko 4. Mnaijua: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto, wakamwamsha." Nimesoma mstari huu miaka mingi nikikimbilia muujiza. Wiki hii nimekwama kwenye neno moja, wakamwamsha. Walithubutu! Mwana wa Mungu amelala, amechoka na kazi ya kutwa, na watu wale walimtikisa, tena kwa maneno ya lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hebu fikirini mtoto wenu awaamshe kwa maneno hayo. Na Bwana akafanya nini? Aliukemea upepo. Upepo kwanza. Ndipo, kumekwisha kuwa shwari, akawageukia wao na swali lake juu ya imani. Mathayo anaanza na swali, najua, wala sitaki kugombanisha Injili. Lakini kwa wote wawili jambo moja halibadiliki: chombo kilikuwa na mtu wa kuamshwa, na waliokuwa ndani yake walijua kwamba anaamshika.

Tena sikilizeni. "Nyamaza, utulie." Neno hilo Bwana aliiambia bahari. Hakuwaambia wanafunzi. Sisi tunawaambia nani?

Mimi nawaambia niliyemwambia. Tarehe 25 Aprili 2019, Alhamisi ya juma la Pasaka, tulikuwa tunakingoja Kimbunga Kenneth hapa Mtwara. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetuonya, shule zimefungwa, maji tumejaza kwenye madumu, redio iko wazi. Mwanangu wa mwisho aliniuliza kama nyumba itaanguka. Nikajibu. Akauliza tena. Mara ya tatu nikamfokea: "Nyamaza!" Akanyamaza. Alikaa pembeni ya kabati magoti yamegusa kidevu, na mimi nikajipongeza kwamba nimemtuliza mtoto. Kenneth kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, majuma machache baada ya Idai kuibomoa Beira. Sisi tukapata mvua na upepo. Majirani zetu wakazika. (Na niseme hili kwa upendo: ule ushuhuda kwamba Mungu alikigeuzia kwao ili atuokoe sisi, tuuache. Tuna ndugu kule, na wao walikuwa wanaomba pia.) Nilitoa shukrani kanisani Jumapili. Sikumwomba mwanangu radhi. Mpaka juzi sikuwa hata nakumbuka.

Wazazi wenzangu, bibi na babu wenzangu, wajomba, walimu wa shule ya Jumapili, nawasihi. Tunajivunia nyumba zilizonyamaza. Mgeni akija anasema, watoto wako wana adabu, hata hawasikiki. Chunguza kimya hicho. Kipo kimya cha mtoto aliyeshiba na kutulia, na kipo kimya cha jicho la kimbunga, ambapo kila kitu kimesimama kwa sababu upepo uko pande zote. Binti yako hakuambii kwamba mtu fulani anamshika asivyotaka. Kijana wako hakuambii kwamba amefeli, au amekopa, au amefikiria kujidhuru. Wewe umelala barazani na kofia yako ya heshima, wao wako hatua sita, wanasukumana mlangoni. Kisha boriti ikianguka unauliza kwa uchungu wa kweli, mbona hamkuniamsha? Mbona hukuniambia? Na wao hawana la kujibu, kwa sababu jibu ni wewe.

Sisemi tusirudi watoto. Paulo anaagiza adabu na maonyo ya Bwana, na katika sentensi hiyo hiyo anatuonya tusiwachokoze, kwa Wakolosai anaongeza, "wasije wakakata tamaa." Tumeshika nusu moja ya mstari miaka na miaka. Naogopa zaidi jambo la pili: mtoto hujifunza uso wa Mungu kwenye uso wetu. Aliyezoea kuficha msumari kwa bibi, atakuja kuficha dhambi yake kwa Baba wa mbinguni, atakwenda kanisani nayo imevishwa soksi nyeupe, ataimba na wenzake, nayo inaoza. Wangapi kati yetu tuko hivyo hata leo? Unaomba maombi marefu, na lile lenyewe hujalitaja, kwa kuwa ndani yako bado kuna mtu anayekohoa kwenye mwembe. Ndugu yangu, mwamshe Bwana. Mwamshe hata kwa lawama, kama walivyofanya wale. Pendo lililo kamili huitupa nje hofu, na Yeye hana fimbo ukutani ya kukungoja.

Jana ilikuwa siku ya kusafishwa kidonda tena. Uvimbe umeshuka, anakanyaga kwa kisigino. Nilikuwa nimeshamwomba radhi tangu Jumatano, nimepiga magoti ili macho yetu yalingane, naye aliitikia "sawa bibi" haraka haraka kama mtu anayetaka yaishe. Jana nikamuuliza anataka aende zahanati na nani. Akafikiri kidogo, akasema, na mama mdogo. Nikamvalisha ndala ya mguu mzima, nikawapa nauli ya bajaji, nikabaki mlangoni.

Mniombee.