Jinsi Tulivyozituliza Jioni za Kazi za Shule kwa Mtoto Mwenye ADHD

Mwanangu wa pili anasoma darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Moshi, na ana ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida kutulia, kukaza mawazo kwenye jambo moja na kujizuia kabla ya kutenda. Namwandikia mzazi ambaye jioni zake huishia kwenye machozi juu ya daftari la hesabu, maana hapo ndipo nyumba yetu ilipokuwa inakwama.

Daktari hakumtoa damu wala kumpiga picha ya kichwa, kwa kuwa hakuna kipimo cha namna hiyo kinachothibitisha hali hii. Alitaka kujua kama dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, kama zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana shuleni na nyumbani pia, ndiyo maana mwalimu naye alipewa fomu ya kujaza. Mama mkwe, tuliyekuwa tumefuatana naye, aliuliza, “Mbona baba yake alikuwa hivi hivi?” Daktari akamjibu kwamba amesema kweli, kwa sababu hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Jibu hilo lilitusaidia mno: tangu hapo hakuna mtu kule kihambani, kwenye shamba la ukoo huko Kibosho, aliyesema tena kwamba mtoto amedekezwa.

Kuhusu dawa, zipo, na zinawasaidia watoto wengi. Sisi tulikubaliana na daktari tuanze na malezi na shule, kisha tutathmini pamoja naye.

Kazi za shule sasa tunazifanya kabla giza halijaingia, akishakula na kukimbia uani, kwa sababu akichoka umakini hupungua zaidi. Naufunika ukurasa kwa karatasi ngumu nikiacha hesabu tatu tu zionekane, naye hufuata tarakimu kwa kidole huku akizitamka. Akizimaliza, anachota ndoo ndogo ya maji, anamwagilia migomba, na akirudi nateremsha karatasi hadi hesabu tatu nyingine. Jedwali la kuzidisha tunalikariri tukipukuchua mahindi. Nasema, “Saba mara nane?” naye, gunzi likizunguka mikononi mwake na punje zikimwagika kwenye ungo, anajibu, “Hamsini na sita, mama,” bila hata kuinua macho. Akilazimishwa kukaa kimya, nguvu zake zote huishia katika kujizuia asitikisike, na hesabu yenyewe inakosa nafasi.

Maagizo nayapa moja moja, nikiwa karibu naye na mkono begani. Nikisema “vua sare, nawa, lete daftari” kwa mkupuo, analishika la kwanza na mengine yanamponyoka, jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa kiburi. Sifa nazo lazima zije papo hapo, kwani chapati ya kuahidiwa Jumamosi haina uzito kwake siku ya Jumanne.

Shuleni nilimwomba mwalimu, ambaye darasa lake lina watoto wengi kweli, amketishe mbele, mbali na mlango unaotazama uwanja wa mpira, na ampe kazi ya kukusanya madaftari ya wenzake ili apate sababu halali ya kusimama. Alikubali, na kila siku huweka tiki kwenye kikaratasi kidogo iwapo mtoto amemaliza zoezi la darasani; kikaratasi hicho ndicho kitu cha kwanza tunachokisoma akifika nyumbani.

Insha bado inamshinda. Muhula huu tunajaribu aisimulie kwanza kwa mdomo wakati mimi ninapika, namwandikia maneno machache ya kumwongoza pembeni mwa ukurasa, kisha anaandika aya moja, anapumzika, na kuendelea na nyingine.