Plagi nyeusi, plagi nyeupe

Rangi ya plagi huonyesha kama injini inapata petroli na hewa kwa kipimo sahihi. Lakini plagi iliyotolewa baada ya pikipiki kunguruma tu ikiwa imesimama itakuwa nyeusi, na haikwambii kitu. Weka plagi mpya, endesha kilomita kadhaa, kisha vuta mafuta mengi kwenye barabara iliyo wazi. Zima injini na shika klachi kwa wakati mmoja, iache iserereke mpaka isimame. Subiri ipoe ndipo ufungue; nyuzi za alumini za tundu la plagi huharibika kirahisi zikiwa za moto.

Usitazame ncha peke yake. Petroli ya siku hizi haina risasi (madini ya ledi), inaacha rangi hafifu, kwa hiyo mulika tochi ndani kabisa, kwenye shina la kaure, ile sehemu nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Kahawia hafifu au kijivu: sawa. Masizi makavu meusi: petroli imezidi, anza na filta ya hewa na choki kabla ya kulaumu jeti, kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu, kabureta haihusiki. Nyeupe yenye vipele ndiyo hatari: petroli ni pungufu, injini inapata joto kupita kiasi na pistoni inaweza kutoboka: kagua jeti iliyoziba na mpira wa kabureta uliopasuka. Ukibadilisha jeti, panda au shuka saizi moja tu, kisha pima upya.