Mstari Mwekundu

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019, mama mwenye nyumba niliyopanga Tallinn, mji mkuu wa Estonia, alinigongea mlango asubuhi na mapema.

"Twende, mwanangu. Leo husomi."

Yeye ni mzaliwa wa Kihnu, kisiwa kidogo cha Estonia ambako wanawake bado huvaa sketi za sufu zenye mistari hata siku za kazi. Nilizizoea zikiwa nyekundu inayowaka. Aliyovaa yeye ilikuwa bluu iliyokolea, karibu nyeusi, na uzi mwekundu mwembamba hapa na pale. Akanieleza: aliyefiwa huvaa rangi ya giza, kisha nyekundu hurudi kidogo kidogo kadiri msiba unavyopoa. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mimi niliyelelewa na bibi aliyesema kwa kanga kuliko kwa mdomo, sikuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Laulupidu, tamasha lao la nyimbo, lilianza mji wa Tartu mwaka 1869, na mwaka ule lilitimiza miaka 150. Uwanja wake wa Tallinn, tulikokwenda, uko karibu na bahari. Chini ya tao kubwa walijipanga waimbaji kwa maelfu, kila kwaya na mavazi ya kwao. Katikati ya mteremko mama akasimama ghafla.

"Hapa tulikuwa Septemba 1988. Mtoto mabegani kwa baba yake."

Siku ile walikusanyika watu karibu 300,000, Wasovieti wakiwa bado wanatawala. Waliimba. Agosti 1991 nchi ikarudi kuwa yao.

Jioni ukafika ule wimbo unaosubiriwa na wote, "Mu isamaa on minu arm" (Nchi yangu ni pendo langu), shairi la Lydia Koidula lililotiwa muziki na Gustav Ernesaks mwaka 1944. Uliwahi kupigwa marufuku, na mwaka 1960 kwaya ziliuimba uwanjani hapo hapo bila ruhusa. Umati mzima ukainuka. Sauti ilipanda taratibu, nzito, nikaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mama hakuimba ubeti wa kwanza. Midomo ilimtetemeka, kidole gumba kikipita na kurudi juu ya ule uzi mwekundu. Ubeti wa pili akaanza, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Tulirudi kwa miguu pamoja na umati, nimembebea kikapu.

"Msimu huu wa baridi," akasema, "nitaufuma mpana zaidi."