Siku moja Oxford, kumfuata C.S. Lewis hadi Headington

Wageni wengi wanaokuja Oxford kumtafuta Lewis, mwandishi wa vitabu vya watoto kuhusu nchi ya kubuniwa ya Narnia, huanza na mlango usiomhusu. Nami nilianzia hapo hapo, kwenye kichochoro cha St Mary's Passage kilichochepuka kutoka High Street, ubavuni mwa kanisa la St Mary the Virgin. Kuna mlango wa mbao ulionakshiwa uso wa simba, juu yake fauni (viumbe nusu mtu nusu mbuzi) wawili wa rangi ya dhahabu, na hatua chache mbele nguzo ya taa. Watu hupanga foleni kupiga picha wakiambiwa kwamba Narnia ilizaliwa hapa. Hakuna ushahidi wowote. Lewis mwenyewe aliandika kwamba yote yalianza na picha iliyokuwa kichwani mwake tangu alipokuwa na miaka 16: fauni aliyebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji. Utazame mlango, ni mzuri, kisha endelea na safari.

Ukifuata High Street kuelekea mashariki, kwa dakika kumi hivi utafika chuo cha Magdalen, kinachotamkwa “Modlin”. Ukisema vingine, unayemuuliza njia huenda asikuelewe. Mgeni hulipa kiingilio, na saa za kufungua hubadilika kulingana na muhula, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda. Lewis alifundisha fasihi ya Kiingereza hapa tangu 1925 hadi 1954, kisha akapata uprofesa Cambridge. Vyumba vyake vilikuwa katika New Building, jengo ambalo licha ya jina lake ni la karne ya 18, na madirisha ya nyuma yanatazama bustani ya kulungu.

Usitoke bila kuzunguka Addison's Walk, njia ya miti inayopita kando ya mto Cherwell. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931 Lewis alitembea hapa na rafiki zake, Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, na Hugo Dyson, wakijadili hekaya na imani. Tolkien aliondoka saa tisa usiku, wale wawili wakaendelea. Siku tisa baadaye Lewis alikuwa amekaa kwenye kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake, Warnie, wakielekea bustani ya wanyama ya Whipsnade. Kwa maelezo yake, alipoanza safari alikuwa haamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na walipofika akawa anaamini. Kwa maoni yangu, asiyeijua njia hii hatamwelewa vizuri Aslan, simba wa Narnia anayekufa na kufufuka kama Kristo.

Kuhusu baa ya Eagle and Child, ambako yeye na wenzake walikutana Jumanne asubuhi: ilifungwa 2020, kwa hiyo usiifanye kituo kikuu cha siku yako bila kuulizia kwanza. Ng'ambo ya barabara kuna Lamb and Flag, walikohamia mwaka 1962.

Sasa panda basi la Headington, yapata kilomita tano mashariki. Hapa ndipo penye uzito. Nyumba ya The Kilns, iliyonunuliwa 1930, iko Risinghurst, na imepata jina kwa tanuri za matofali zilizokuwa hapo. Ndani huingii bila kuweka nafasi mapema, maana kuna watu wanaoishi humo. Nyuma yake kuna hifadhi ndogo iliyo wazi kwa wote. Bwawa lake lilikuwa shimo la kuchimbia udongo likajaa maji. Lewis alikuwa akiogelea humo. Mvua ikinyesha, njia huwa tope tupu. Vaa buti.

Septemba 1939 nyumba hii ilipokea watoto waliohamishwa kutoka London kwa hofu ya mabomu. Wakati huo Lewis aliandika mistari michache kuhusu watoto wanne: Ann, Martin, Rose na Peter, huyu wa mwisho akiwa ndiye mdogo kuliko wote. Akaiacha karibu miaka kumi. Aliporudi kwenye hadithi hiyo, jina lililobaki ni Peter peke yake, naye sasa ndiye kaka mkubwa. Kitabu cha kwanza cha Narnia kilitoka 1950, kisha kimoja kila mwaka hadi cha saba, 1956. Mtunza bustani wa hapa, Fred Paxford, mwenye moyo mwema lakini daima akitarajia mabaya, ndiye aliyekuwa kielelezo cha Puddleglum, mhusika mwenye huzuni katika vitabu hivyo.

Kutoka hapo unakwenda kanisa la Holy Trinity, Headington Quarry. Barabara kuu inayozunguka mji inapita katikati. Tafuta kivuko cha waenda kwa miguu, usijaribu kukatiza kati ya magari. Ndani, upande wa kaskazini, kuna benchi walilokaa Lewis na Warnie, karibu na nguzo. Lewis alipendelea ibada ya saa mbili asubuhi kwa sababu haikuwa na kinanda. Nyimbo za kanisani zilimchosha. Kando ya benchi hilo kuna dirisha la Narnia la 1991. Kioo chake hakina rangi, picha zimechorwa kwa kukwaruzwa, hivyo ukipiga picha moja kwa moja unapata mwanga mweupe tu. Simama kwa pembeni, na uso wa Aslan utajitokeza ndani ya jua.

Kaburi la Lewis liko nje, bamba la jiwe lililolala chini. Usimtafute hapa mkewe, Joy Davidman, aliyefariki 1960. Mwili wake ulichomwa, na kumbukumbu yake iko kwenye tanuri la maiti la Oxford. Aliyelala na Lewis ni Warnie, aliyemfuata 1973. Maneno yaliyochongwa ni ya Shakespeare: binadamu hawana budi kustahimili kuondoka kwao. Warnie ndiye aliyeyachagua. Yalikuwa kwenye kalenda nyumbani kwao Belfast siku ya Agosti 1908 mama yao alipofariki kwa saratani, Lewis akiwa na miaka tisa. Katika The Magician's Nephew, cha 1955, mvulana anamletea mama yake mgonjwa tofaa kutoka Narnia, naye anapona.